Ziwa Linalomwaga Mtama

Msimulizi wa Kendu Bay ana tatizo ambalo mwandishi yeyote wa filamu angelikimbia. Kabla hajafungua kinywa, mwisho wa kisa chake umeshalala mbele ya wasikilizaji, wa kijani, ukinuka magadi. Ni ziwa la Simbi Nyaima katika Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay: shimo la volkeno lililojaa maji ya chumvichumvi, mwendo mfupi tu kutoka ufuo wa Ziwa Victoria, mahali ambapo heroe huja kujilisha. Mgeni akisimama ukingoni huambiwa kwanza kwamba hapa palikuwa na kijiji, na kwamba kilizama. Ndipo kisa kinaanza.

Bikizee alifika kijijini usiku wa mvua, amelowa chapachapa, ana njaa, anatafuta pa kuota moto. Kijiji kilikuwa kwenye karamu na pombe ilikuwa haikauki mtungini. Akafukuzwa mlango huu, akafukuzwa na ule. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwingiza ndani, akampa chakula na mahali pa kulaza ubavu. Baadaye bikizee akamwambia: ondoka nami, wewe na watu wako, usibaki hapa. Katika baadhi ya masimulizi mwanamke huyo anakimbia kumwita mumewe ambaye bado yuko kwenye mtungi na wenzake. Anamsihi. Mume anacheka, anaurudia mrija wake.

Hapo ndipo wasikilizaji huacha kutafuna walichokuwa wakitafuna. Kila mmoja anajua kijiji kitazama. Maji yenyewe yanamtazama usoni. Asiyejua ni mume. Na kwa kuwa hajui, kila funda analovuta kwenye mrija linakuwa refu kuliko lililotangulia, na msimulizi stadi hatalifupisha. Atamfanya mwanamke arudi mara ya pili. Atamfanya mume aulize swali la kilevi. Atawapa walevi wengine nafasi ya kumtania.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu kutoka Uingereza, alilieleza jambo hilo mwaka 1962 alipohojiwa kwa siku kadhaa na mwongozaji wa Ufaransa, François Truffaut, katika mazungumzo yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15 na basi. Lakini akiwa ameonyeshwa bomu, na saa ya ukutani anaiona, soga ile ile ya kipuuzi itamtesa kwa dakika 15 nzima. Hitchcock alikuwa na studio, kamera na nyota wa Hollywood. Wazee wa Karachuonyo walikuwa na mtungi na mrija, na hesabu yao ilikuwa hiyo hiyo.

Katika shule za sekondari za Kenya taharuki hufundishwa bega kwa bega na kinaya, sadfa na kisengere nyuma, na mwanafunzi hukariri kwamba ni hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu tu. Kama taharuki ingekuwa ni kutojua peke yake, hakuna mtu ambaye angekisikia kisa cha Simbi mara ya pili. Kinachomkaza msikilizaji ni kujua jambo ambalo mtu anayemjali halijui, au alilijua na amelisahau.

Aliyelijua akalisahau ni Nyamgondho.

Ukitoka Kendu Bay ukafuata ziwa kuelekea kusini-magharibi, ukapita Mbita na kuingia nchi ya Gwassi, utafika Nyandiwa, ambako wenyeji huwaonyesha wageni mti na alama kwenye miamba zinazosemekana kuwa nyayo za ng'ombe. Hapa pia mwisho umetangulia. Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alivuta nyavu zake akakuta amenasa mwanamke mzee, asiyetamanika kwa sura. Wengine husimulia kwamba alikuwa na jicho moja. Alitaka kumrudisha majini. Mwanamke akamwomba ampeleke nyumbani, naye kwa shingo upande akakubali. Kulipokucha boma lilikuwa limejaa ng'ombe.

Kwa mtu aliyezoea filamu za leo, huo ndio mgeuko: fukara kaopoa kikongwe, kikongwe kageuka baraka. Kusema kweli ni mgeuko wa kawaida, na ngano za dunia nzima zina wa namna hiyo tele. Ustadi wa kisa hiki uko mbele zaidi, mahali ambapo hakuna ajabu yoyote inayotokea. Nyamgondho ametajirika, ameongeza wake, ameanza kupenda pombe. Usiku mmoja anarudi amelewa na kukuta lango la boma lake limefungwa. Anagonga. Anaita. Mlango haufunguliwi upesi kama anavyotaka. Ni jambo linalotokea katika boma lolote, usiku wowote.

Msikilizaji wa kisa hiki huwa ameshafika langoni kabla ya Nyamgondho. Anajua kuna neno moja ambalo mtu huyu hapaswi kulitamka. Hakuna aliyemkataza; katika masimulizi mengi mwanamke hakumwekea mwiko wowote. Lakini kila aliyeketi pale anaelewa kwamba aliyetoka ziwani anaweza kurudi ziwani, na kwamba ziwa haliko mbali. Nyamgondho anaanza kutukana. Anatukana kidogo, anatukana zaidi, na mwishowe analitamka: kwamba wewe nilikuokota majini. Basi. Mwanamke anatoka, anashika njia ya ufukweni, na ng'ombe wanamfuata mmoja baada ya mwingine, mbuzi nao, kuku nao, mpaka maji yakawafunika wote. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Hakuna siri iliyofichuliwa pale langoni. Msikilizaji hakuambiwa lolote ambalo hakulijua. Kilichogeuka ni mtu, kwa sababu ya sentensi moja ambayo angeweza kuimeza. Mgeuko wa namna hii hauchakai kwa kurudiwa, kwa kuwa kila usiku kisa kikisimuliwa lango hufungwa upya, na kuna nukta ndogo, fupi mno, ambamo inaonekana kana kwamba safari hii mzee atalala nje kimya.

Wataalamu wana jina la hali hiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Gerrig, aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1980 kama taharuki isiyo ya kawaida, ile inayomshika mtu ingawa mwisho anaujua. Bibi waliokuwa wakiwalaza wasichana katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo watoto wa Kijaluo walifunzwa ngano (sigana), vitendawili na adabu, wangeshangaa kusikia kwamba si ya kawaida. Kwao hakukuwa na nyingine. Sigana ileile ilirudi msimu hadi msimu, na mtoto aliyeijua yote ndiye aliyeingoja kwa hamu zaidi. Nyimbo zilisaidia. Ngano nyingi za Kijaluo zina wimbo katikati, nao huimbwa tena na tena kila mhusika anapokaribia hatari, wasikilizaji huitikia. Wimbo huo hauongezi habari yoyote. Kazi yake ni kuchelewesha, sawa na matangazo ya biashara yanayokatiza tamthilia ya runinga palepale mkono unaposhika kitasa, tofauti ikiwa kwamba wimbo wa sigana unamfanya msikilizaji mwenyewe awe mshiriki wa ucheleweshaji.

Kutoka siwindhe hadi kibanda cha video si mbali kama inavyodhaniwa. Kwa miaka mingi miji ya Kenya, Migori na Homa Bay ikiwemo, imekuwa na vibanda vya mabati vyenye benchi, runinga moja na spika zinazosikika hadi barabarani. Anayetawala humo mara nyingi hayumo hata kwenye filamu. Ni DJ Afro, msimulizi Mkenya ambaye sauti yake, kwa Kiswahili na Sheng, imefunika sauti za waigizaji wa Marekani, India na China. Yeye huwapa wahusika majina mapya, huwasuta, huwasifu, na bila aibu yoyote humtangulizia mtazamaji kitakachotokea: huyu anayecheka hapa, ngojeni muone. Mtunzi wa filamu alitoa jasho kuficha. Msimulizi anamwaga mtama. Wala hakuna anayedai kurudishiwa kiingilio.

Isitoshe, watu wa vibandani wana kanuni yao iliyo kongwe kuliko DJ Afro: steringi hafi. Mhusika mkuu anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kufungwa kwenye gogo msumeno ukimjia. Mtoto wa miaka minane atakwambia kwa utulivu kwamba huyo ni steringi na hawezi kufa. Kisha huyo huyo mtoto atauma kola ya shati lake mpaka steringi atoke salama. Mwenye kutaka kuelewa taharuki na asome uso wa mtoto huyo. Anajua, na haimsaidii kitu.

Kanuni hiyo ndiyo inayoyapa nguvu matukio machache yanayoivunja. Mwaka 1960 Hitchcock alitoa Psycho, na kabla filamu haijafika katikati akamuua mwanamke ambaye kila aliyelipa kiingilio alimdhani kuwa steringi. Alijua alichokuwa akifanya. Kumbi za sinema ziliagizwa zisimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, maana aliyechelewa angekaa muda wote akimngojea nyota ambaye ameshauawa. Mwaka 2011 tamthilia ya Game of Thrones ilimkata kichwa Ned Stark kabla msimu wa kwanza haujaisha, na watazamaji duniani wakapiga yowe kana kwamba wameibiwa. Katika vibanda vya Afrika Mashariki, hata hivyo, msiba mkubwa wa steringi ulitoka India. Filamu ya Sholay ya mwaka 1975 ina marafiki wawili, Veeru na Jai. Kila wanapobishana, Jai hurusha sarafu, na kila mara sarafu huangukia upande wake. Sarafu hiyo hiyo ndiyo inayoamua kwamba yeye abaki kwenye daraja la hatari ilhali mwenzake aende. Jai anakufa. Veeru anaiokota sarafu, anaigeuza, na kuona kwamba pande zote mbili ni sawa.

Hapo kuna mshtuko wa kweli wa kufichiwa, na ni wa aina bora. Ukiitazama Sholay mara ya pili ukijua siri ya sarafu, filamu haijapungua hata chembe, imeongezeka. Ule utani wa mwanzoni, uliopita kama kichekesho, sasa unauma, kwa sababu kila sarafu inaporuka unamwona mtu akichagua kifo chake polepole na kuuita bahati. Mgeuko mwepesi hufa ukishajulikana. Huu wa Jai ulikuwa ukingoja ujulikane ndipo uanze kufanya kazi.

Waswahili wa pwani walilijua hilo zamani. Habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, zilizowekwa kwenye utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, zinafanana ajabu na zile za Luanda Magere, shujaa wa Kano upande wa Kisumu. Wote wawili hawauliki. Wote wawili wana sehemu moja laini: Liyongo ni kitovu kikichomwa kwa sindano ya shaba, Magere ni kivuli chake. Wote wawili wanaponzwa na mtu wa nyumbani. Magere aliugua, na mke aliyepewa na maadui zake akashindwa kumchanja dawa mwilini kwa kuwa wembe haukuingia. Magere akamwambia achanje kivuli. Damu ikatoka. Mke akatoroka na habari, na katika vita vilivyofuata mkuki ulilengwa kivulini.

Magere alijisahau. Liyongo, na hapa ndipo utenzi wa pwani unapoupita ule mkasa wa bara kwa kina, hakujisahau. Mwanawe anapomuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua, baba anahisi kwamba kijana ametumwa, na anamwambia siri hivyo hivyo. Kisha kinakuja kitu ambacho Hitchcock angekilipia pesa nyingi. Liyongo, akiwa ameshachomwa, anakwenda penye kisima, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, na anafia katika mkao huo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hawathubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita. Wanamtuma mama yake akambembeleze kwa nyimbo. Msomaji anajua kwamba amekufa. Mji mzima haujui, na kiu inazidi.

Kithaka wa Mberia alipoandika tamthilia yake kwa kuutumia mkasa huo mwaka 2001, aliiita Kifo Kisimani. Jalada limeshasema nini kitatokea na wapi. Tamthilia hiyo ilitahiniwa katika shule za sekondari, na kizazi kizima cha Wakenya kiliisoma kikijua mwisho mara mbili: kwa jalada, na kwa mwongozo, kile kijitabu cha maelezo ambacho wanafunzi wengi husoma kabla ya kukigusa kitabu chenyewe. Walimu hulalamika kuhusu miongozo, na wana haki, lakini lawama iangukie panapostahili. Mwongozo hauharibu taharuki kwa kufichua nani anakufa. Unaiharibu kwa kuondoa muda: unalifikisha bomu kwenye mlipuko bila kumpitisha mtu mezani.

Yapo maandishi ambayo kweli huishi kwa siri, na haifai kuyadharau. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, na kwacho riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata mzazi. Bwana Msa, mpelelezi wake, ni mtu wa maswali ya upole na kiko. Anayemwambia msomaji mpya jina la muuaji amemkosea adabu, maana hapo starehe ni kushindana akili na Bwana Msa na kushindwa kwa heshima. Agatha Christie aliufikisha mchezo huo mbali mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, na ingawa karibu miaka 100 imepita, mwandishi wa makala hii hatathubutu kumwaga huo mtama. Hata hivyo, muulize aliyevisoma vitabu hivyo amebakiwa na nini. Jina la muuaji pengine ameshalisahau. Mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum hajayasahau.

Watafiti nao wamejaribu kulipima suala hili. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wanafunzi zaidi ya 800 hadithi fupi 12, baadhi zikiwa na mwisho uliofichuliwa mapema, na wakakuta kwamba waliofichuliwa mwisho walizifurahia zaidi, hata zile za mafumbo. Habari hiyo ilisambaa sana. Miaka michache baadaye watafiti wengine walipata picha tofauti: hadithi isiyofichuliwa ilionekana kusisimua na kugusa zaidi. Mabishano hayo hayataisha leo, na pengine chanzo chake ni kwamba hadithi moja hulipa kwa fedha ya mshtuko na nyingine hulipa kwa fedha ya majuto, kisha zinapimwa kwa mizani moja.

Mpira wa miguu unaonekana kuipinga hoja hii yote. Hakuna anayepoteza Jumapili kutazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake ameshayasikia redioni. Lakini nenda ukakae na mashabiki wazee wa Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, Homa Bay. Watakusimulia fainali ya Kombe la Washindi Afrika ya mwaka 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia: sare ya 2-2 ugenini Tunis, sare ya 1-1 Nairobi, kombe likaja Kenya kwa sheria ya mabao ya ugenini. Kila mtu mezani anajua kombe lilikuja. Msimulizi bado atasimama, atainua mikono, na atasita pale Watunisia walipolikaribia lango dakika za mwisho, kana kwamba mpira haujaamua. Mechi iliyorekodiwa ina matokeo tu. Mechi iliyosimuliwa ina mtu anayeogopa.

Vijana wao wa kiume na wa kike wanaogopea kwingine. Katika vyumba vya pleistesheni vya miji hii, mchezo unaovuta wateja ni mpira, ule ambao kampuni ya EA ilibadilisha jina lake mwaka 2023 na ambao vijana wameendelea kuuita Fifa bila kujali. Hauna mtunzi, hauna ploti. Wachezaji wawili wanajiandikia mwisho wao. Michezo yenye hadithi huchezwa kwa nadra zaidi, kwani hudai saa nyingi na chumba hulipiwa kwa mechi au kwa dakika. Ni hasara, kwa sababu humo ndimo mgeuko umepata mlango mpya.

Katika BioShock, uliotoka mwaka 2007, mchezaji anaongozwa kwa redio na mtu mwenye adabu anayemwomba afanye hiki, afanye kile. Naye anafanya, kama kila mchezaji afanyavyo. Baadaye inabainika kwamba ombi lile la upole lilikuwa na maneno yaliyopandwa akilini mwake ili atii. Mshtuko hauko kwenye kisa. Uko kwenye vidole vya aliyekuwa akibonyeza. Shadow of the Colossus, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2005 ulioongozwa na Fumito Ueda, unakwenda kwa njia iliyo karibu zaidi na Nyandiwa. Kijana anataka msichana aliyekufa arudi kuwa hai, na anaambiwa aue majitu 16. Kila anapoua moja, mwili wake unachakaa, ngozi inafifia. Hakuna kilichofichwa. Mchezaji anaona wazi kwamba jambo hili lina mwisho mbaya, na ni yeye anayemwendesha farasi kwenda kwa jitu linalofuata, kwa kuwa bila hivyo mchezo hausongi.

Nyamgondho angekuwa mchezo mgumu kutengeneza. Mbele ya lango skrini ingempa mchezaji chaguo: tukana, au ngoja. Wengi wangengoja, na kisa kingeishia na tajiri anayelala nje kwa amani na ng'ombe wake kamili. Mtengenezaji mwerevu asingetoa chaguo hilo mara moja. Angempa mchezaji miaka ya utajiri kwanza, amzoeze kuitikiwa kila anapoita, milango ifunguke kabla hajagusa kitufe, wake na watumishi wakimbie. Halafu lango moja lisifunguke. Na katika michezo steringi hufa mara hamsini kwa usiku mmoja, akaanza upya palipohifadhiwa. Hapa ingelazimu kusiwe na pa kurudia, ama sivyo Nyamgondho hajapoteza kitu.

Ukishuka Migori, taharuki inabadilika sura, kwa sababu huko mwisho ndio uliokosekana. Thimlich Ohinga, kilomita chache zaidi ya 40 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, ni boma kubwa la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji ya kuyashika, kuta zikifika mita nne na zaidi mahali pengine. Inakadiriwa lilijengwa karne ya 16, na UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi na membamba. Anayeingia hana budi kuinama, kichwa kikitangulia, bila kujua nani amesimama ndani. Aliye ndani anamjua mgeni kabla mgeni hajainuka. Waliojenga kuta hizo na waliowafuata waliishi humo kwa vizazi, kisha wakahama. Hapana mti wa kuonyesha wala ziwa la kijani. Hapo kisa kinamwachia mgeni lango tu.

Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kukulia katikati ya ngano za ziwa hili, alizijua aina zote mbili. Mwaka 1983 aliiandika Simbi Nyaima kwa Kijaluo, kwa wasomaji waliokuwa wanajua kila kitu. Lakini katika hadithi yake fupi ya Kiingereza inayoitwa The Rain Came, iliyomo katika mkusanyo wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, alifanya kinyume. Nchi imekauka. Mtemi Labong'o anaambiwa kwamba binti yake wa pekee, Oganda, atolewe kafara ziwani ndipo mvua inyeshe. Anayezijua ngano anashusha pumzi: mwisho anauona tangu sentensi za mwanzo, na safari ya msichana kuelekea majini inakwenda kwa uzito wa kitu kilichokwisha kuamuliwa, nyimbo zikiwemo. Ukingoni mwa ziwa anatokea Osinda, kijana anayempenda, anamfunika majani wasionekane, na wanakimbia. Kisha mvua inanyesha.

Ogot hakuongeza hata sentensi moja ya kueleza kwa nini. Ukiisoma hadithi hiyo darasani, wanafunzi hugawanyika papo hapo: wako wanaosema kafara ilipokelewa kwa kuwa msichana alishautoa moyo wake, wako wanaosema mvua ilikuwa njiani hata hivyo na mtemi alitaka kumuua mwanawe bure, na daima yuko mmoja wa nyuma anayeuliza, sasa Labong'o ataambiwa nini wawili hao wakirudi nyumbani.